Kufundisha Historia kwa Vitu vya Kale: Mfano wa Tabora na Njia ya Misafara

Utangulizi

Walimu wengi wa shule za msingi, wafikapo kwenye mada ya biashara ya misafara, huandika ubaoni majina matatu au manne, huchora mstari kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kisha huwaagiza wanafunzi wanakili. Mwanafunzi wa Tabora hunakili mstari huo bila kujua kwamba huenda umepita kando ya shamba la babu yake. Hujibu mtihani, hupata alama zake, na historia hubaki kuwa jambo la watu wengine.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo namna ya kufundisha mada hiyo kwa kutumia vitu: vigae vya vyungu, shanga, kuta za udongo, chumvi, hata miti. Elimu ya kuchunguza mabaki ya watu wa kale huitwa akiolojia. Wataalamu wake wa siku hizi husisitiza kwamba elimu hiyo si mali ya wataalamu peke yao. Wenyeji wa mahali, wakiwamo watoto wa shule, wana haki ya kushiriki na kuulizwa. Lakini ushiriki huo una masharti. Sharti kubwa, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni hili: kitu cha kale hufundisha maadamu kingali kinajulikana mahali pake na watu wake. Mwalimu akikitenganisha na hivyo viwili, amekinyamazisha, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Kosa nililolifanya

Nilijifunza sharti hilo kwa aibu. Nilipokuwa mwalimu mgeni katika shule moja ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Tabora, niliwaagiza wanafunzi wa darasa la tano kwamba Jumatatu kila mmoja aje na kitu cha kale. Niliona kuwa nimebuni somo zuri sana. Jumatatu meza yangu ilijaa: vigae vya vyungu, kipande cha chuma chenye kutu, jiwe la kusagia lililovunjika, na uzi wa shanga nyekundu. Tulivitazama, tukavisifu, tukavitia katika kapu na kuliweka pembeni mwa darasa.

Siku ya tatu bibi mmoja alifika shuleni akitembelea mkongojo. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza zilipo shanga zake. Mjukuu wake alikuwa amezitoa katika sanduku bila ruhusa. Tulipozihesabu, tatu hazikuonekana.

"Bibi, nisamehe," nilimwambia. "Nilitaka watoto waone kitu cha kale."

Akanijibu taratibu, "Mwanangu, kama ulitaka cha kale, mbona hukuja kuniuliza mimi? Mimi si wa kale?"

Aliketi akatueleza. Shanga zile alipewa na mama yake, naye alipewa na mama yake, ambaye aliletewa na mumewe aliyerudi kutoka pwani alikokwenda kubeba mizigo. Kwa muda wa nusu saa darasa lilitulia kuliko nilivyopata kuliona. Kisha bibi alifunga shanga zake katika kitambaa, akaondoka nazo. Zile tatu hazikupatikana hadi leo.

Habari ya vigae ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya wiki chache alifika mgeni mmoja mwenye ujuzi wa mambo ya kale, nami nikamletea kapu kwa furaha. Alikigeuzageuza kigae kimoja chenye mistari ya nakshi, akauliza, "Hiki kilitoka wapi, na kilikuwa kina gani?" Hakuna aliyejua. Mwanafunzi aliyekileta alikumbuka tu kwamba yeye na wenzake walichimba mahali, na mvua ilikuwa imekwisha fukia mashimo. Mgeni akakirudisha kapuni. Nilitambua kwamba shanga za bibi, ambazo zilikuwa na mwenyewe wa kuzieleza, zilitufundisha mengi. Na kapu zima la vigae halikutufundisha lolote.

Usuli ambao mwalimu hana budi kuujua

Mwalimu asiyejua zaidi ya kitabu cha mwanafunzi hawezi kuuliza maswali mema. Kwa hiyo, kabla ya kueleza hatua za somo, yafaa tuupitie usuli kwa ufupi.

Watu wengi hudhani kwamba historia ya magharibi mwa Tanzania huanza na misafara ya karne ya 19. Sivyo. Magharibi ya Tabora, katika njia ya reli iendayo Kigoma, iko Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi. Mwaka 1967 wataalamu John Sutton na Andrew Roberts walichimba huko kwa utaratibu wa kitaalamu. Walikuta matabaka ya majivu, mkaa na vigae vya vyungu vilivyotumiwa kuchemshia maji ya chumvi. Mkaa ulipopimwa ulionyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa imeanza yapata karne ya 5 au ya 6. Vyungu vya matabaka ya chini ni vya wakulima wa mwanzo waliojua kufua chuma, na vinatofautiana na vile vya matabaka ya juu. Hayo yote yalijulikana kwa sababu moja: kila kigae kiliandikwa kilikotoka.

Uvinza yatufundisha jambo jingine, nalo ni maana ya mpaka. Mtoto aonapo ramani hudhani kuwa mpaka ni mstari. Mahali pengine duniani watu wa kale walichimba kweli mpaka ardhini. Huko Uingereza lipo handaki refu lenye boma la udongo ambalo husemwa kuwa liliagizwa na mfalme Offa katika karne ya 8, kati ya nchi yake na Wales. Huku kwetu mipaka ya kale haikuacha handaki. Uvinza ilikuwa mahali pa kukutania, ambapo Wavinza, Waha, Wanyamwezi na wengineo walifuata chumvi wakati wa kiangazi, na watawala wa Kivinza walitoza ushuru. Katika karne ya 19 watawala hao hao waliwatoza watu wa misafara malipo ya kuvushwa mto Malagarasi. Mpaka wa namna hiyo hauonekani kwa mstari; huonekana kwa vitu vilivyopita mkono hadi mkono.

Njia ya misafara nayo haikuanzishwa na wageni. Wanyamwezi walikuwa wakisafirisha chumvi, majembe ya chuma na pembe za ndovu kabla wafanyabiashara wa pwani hawajafika kwao. Na kufikia mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wakifika pwani wenyewe. Baadaye Waarabu na Waswahili wakaja kukaa Unyanyembe, mahali ambapo wasafiri wa Kizungu wa mwanzo walipaita Kazeh, ndipo palipo Tabora ya leo. Burton na Speke walifika huko Novemba 1857. Tabora ikawa njia panda: magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda, kusini magharibi Katanga. Kutoka pwani zilikuja nguo, hasa merikani iliyofumwa Marekani na kaniki kutoka Bara Hindi, pamoja na shanga za kioo, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Kuelekea pwani zilikwenda pembe za ndovu, na watu waliotiwa utumwani.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Si kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2006, ameonyesha kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi ya ujira, wenye ustadi, desturi na fahari ya kazi yao, na kwamba wanawake nao walisafiri katika misafara. Wakati huo huo watumwa walipitishwa katika njia ile ile. Mambo hayo mawili ni ya kweli yote, na mtoto apaswa kuyajua yote.

Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, huko Kwihara, iko nyumba ya tembe ambayo leo ni makumbusho na hujulikana kwa jina la Livingstone. Yeye na Stanley walifika hapo Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi wa Machi. Livingstone akabaki akingoja watu wa kumchukulia mizigo yake, na hakuweza kuondoka mpaka walipofika mwezi wa Agosti. Mwaka uliofuata, baada ya kifo chake, akina Chuma na Susi na wenzao waliupitisha mwili wake Unyanyembe wakiupeleka Bagamoyo. Nyumba ina jina la mgeni mmoja aliyekaa miezi michache, lakini historia ya nyumba hiyo haielezeki bila wapagazi. Hao hawakuandika vitabu. Walichoacha ni mafiga, vigae, shanga na habari zinazosimuliwa na wajukuu. Ndiyo maana vitu vya namna hiyo, ambavyo huonekana duni, vina thamani kwa mwalimu wa historia.

Somo la kwanza: sanduku la matabaka

Somo hili huchukua vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana, na lafaa darasa la tano au la sita. Shabaha yake ni kwamba mwisho wa somo mwanafunzi aweze kueleza kwa nini mahali na kina cha kitu ni habari sawa na kitu chenyewe.

Zana: sanduku la mbao au karai pana; mchanga, udongo mwekundu na udongo mweusi; vigae vya chungu kipya kilichovunjika; vipande vya mkaa; shanga chache za kununua; kitambaa; gunzi la mahindi; vizibo vya soda; rula, vijiko na kamba. Kitu chochote cha kale cha kweli kisitumike.

Maandalizi: siku moja kabla, mwalimu atie mchanga chini, na ndani yake vigae na mkaa. Juu yake atie udongo mwekundu wenye shanga, kitambaa na gunzi. Juu kabisa atie udongo mweusi wenye vizibo vya soda. Mwisho achimbe tundu jembamba kutoka juu hadi kwenye mchanga, atumbukize kizibo kimoja, kisha alifukie kwa udongo mweusi. Tundu hilo ndilo mtego wa somo.

Hatua ya kwanza: wanafunzi wagawe uso wa sanduku kwa kamba katika miraba minne, na waichore miraba hiyo katika daftari.

Hatua ya pili: kila kundi lifukue mraba wake kwa kijiko, tabaka baada ya tabaka. Kabla ya kuinua kitu, walipime kina chake, wakiandike, na waeleze kiko karibu na nini. Mwalimu akataze kabisa kunyakua.

Hatua ya tatu: wanafunzi wajaze jedwali lenye safu tatu: "Naona", "Nasikia", na "Nadhani". Katika safu ya kwanza huandikwa kile tu kinachoonekana na kupimika. Katika ya pili huandikwa yaliyosimuliwa na watu au vitabu. Katika ya tatu huandikwa mawazo ya mwanafunzi. Mathalani: "Naona vigae vitano na mkaa katika mchanga, sentimita 20 chini. Nasikia kwamba Uvinza watu walichemsha chumvi katika vyungu. Nadhani hapa palipikwa kitu." Mwanafunzi akiandika katika safu ya kwanza "naona jiko la chumvi", arudishwe kwa upole: jiko hakuliona, amelidhani.

Hatua ya nne: kundi lililokuta kizibo cha soda katika mchanga lieleze. Aghalabu mzozo hutokea hapa, nao ni mzozo wa manufaa. Wengine watasema watu wa tabaka la chini walikunywa soda. Wengine watasema mwalimu amekosea. Mwalimu asijibu. Awaulize: "Rangi ya udongo ulio juu ya kizibo hiki ni ipi? Je, ni sawa na ya udongo ulio kandokando?" Wakiona mstari mweusi ukishuka, watavumbua wenyewe kwamba ardhi ilichimbwa baadaye. Mtoto aliyevumbua hivyo anaelewa kwa nini mashimo ya ovyo huharibu historia, hahitaji kukaripiwa.

Somo la pili: ziara na mazungumzo na wazee

Ziara ya Kwihara, au ya mahali pengine pa kale palipo jirani, ifanywe baada ya somo la sanduku, wala si kabla. Mwalimu apate kwanza ruhusa ya wenye mahali, naye atangulie kwenda peke yake ili aandike maswali.

Kwihara maswali yawe ya kutazama: Kuta zina unene gani, na kwa nini? Paa ni la namna gani, nalo lafaaje katika nchi ya jua kali na mbao chache? Mlango una nakshi? Kama unazo, nakshi za namna hiyo zinapatikana wapi tena? Ni sehemu gani ionekanayo kuwa ya zamani, na ni ipi iliyokarabatiwa? Swali hili la mwisho lisiachwe, maana nyumba ya udongo haiwezi kusimama zaidi ya miaka 100 bila kutiwa mkono. Mwishoni mwalimu aulize: "Kama ninyi ndio mngeipa nyumba hii jina, mngeiita nini?" Kila mwanafunzi atoe sababu.

Shule iliyo mbali na Kwihara haina hasara. Karibu kila kijiji kilicho kando ya njia ya zamani kina miembe ambayo husemwa kuwa ni ya wakati wa misafara. Mwembe mkubwa ni zana nzuri, mradi mwalimu asitangaze kwamba hakika ulipandwa na watumwa au wapagazi. Wanafunzi wapime mzingo wa shina (Naona), wawaulize wazee watatu ambao hawakai nyumba moja (Nasikia), kisha walinganishe habari na kuamua (Nadhani). Habari zikitofautiana, tofauti zote ziandikwe.

Mzee aalikwe kwa heshima. Akija na kitu chake, kitu hicho kishikwe na yeye mwenyewe au kwa idhini yake, kichorwe, na aondoke nacho siku hiyo hiyo.

Hadhari tatu

Kwanza, sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, hairuhusu mtu kuchimbua mahali pa kale bila kibali, na hulinda hasa vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mwanafunzi akikuta kitu shambani asikichimbe. Aweke alama, achore ramani ndogo, amwarifu mwalimu. Naye mwalimu apeleke habari kwa uongozi wa serikali wa mahali hapo ili ufike kwa wahusika wa mambo ya kale.

Pili, hisia za watu. Tabora wamo wazawa wa watemi, wa wafanyabiashara, wa wapagazi, na wa watu walioletwa kwa nguvu kutoka nchi za mbali. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini zipo familia ambamo jambo hilo halizungumzwi. Mwalimu asimwulize mtoto kamwe mbele ya wenzake, "Ninyi asili yenu ni wapi?" Swali moja la namna hiyo laweza kumfanya mtoto achekwe mwaka mzima. Tuzungumze utumwa kama jambo lililotendwa na watu kwa watu, wala si kama doa la ukoo wa mtu aliyeketi darasani.

Tatu, biashara. Watoto wakifundishwa kwamba shanga au sarafu ya kale ina thamani, wako watu wazima watakaowatuma kuzitafuta ili wauze. Mwalimu aseme wazi kwamba thamani tunayoizungumzia ni ya maarifa, nayo hupotea kitu kiuzwapo.

Hitimisho

Mwanachuo asingoje makumbusho wala fedha nyingi ndipo afundishe hivi. Sanduku, vijiko na jedwali la safu tatu hupatikana katika kila shule. Kinachohitajiwa zaidi ni mwalimu awe na subira ya kuuliza "kilikuwa wapi?" na "ni cha nani?" kabla ya kuuliza "ni kitu gani?". Mimi maswali hayo sikuyauliza kwa wakati wake, na shanga tatu za bibi zilipotea katika darasa langu.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwanafunzi wako amekuletea kigae chenye nakshi alichokiokota njiani. Utamwambia nini ili asivunjike moyo, lakini asirudie?

2. Andaa somo la sanduku litakaloonyesha historia ya mahali unapotoka wewe. Utaweka nini katika kila tabaka, na kwa sababu gani?

3. Mzee uliyemwalika anasimulia habari inayopingana na kitabu cha mwanafunzi. Eleza jinsi utakavyoongoza mjadala bila kumvunjia mzee heshima na bila kukidharau kitabu.

4. Chagua kitu kimoja cha nyumbani kwenu chenye umri mkubwa kuliko wako. Mwulize mwenye kitu hicho, kisha ujaze safu za "Naona", "Nasikia" na "Nadhani". Ni safu ipi iliyokuwa ngumu zaidi kuijaza?